ZLUDA: kufuli la CUDA ambalo NVIDIA haikuhitaji kulifunga yenyewe

Mwanzoni mwa Agosti 2024, waliokuwa wakiifuatilia ZLUDA, programu inayowezesha programu za CUDA (mfumo wa NVIDIA wa kuziagiza kadi zake za grafiki zifanye hesabu) kufanya kazi kwenye kadi za mtengenezaji mwingine kama AMD, walikuta msimbo wake umeondolewa. Palipokuwa na programu palibaki maelezo mafupi ya Andrzej Janik, mhandisi aliyeiandika. Kwa maelezo hayo, AMD ilikuwa imemtaka aiondoe. Aliichapisha kwa ridhaa ya AMD, ridhaa iliyokuja kwa barua pepe, na sasa wanasheria wa AMD walikuwa wakisema barua pepe ile haina nguvu ya kisheria. Kisha akajibu swali alilojua litaulizwa na kila mtu: NVIDIA haijamtisha wala haijawasiliana naye.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonivuta kwenye kisa hiki, maana mara nyingi husimuliwa kinyume chake. Watu husema NVIDIA iliiua ZLUDA. Yanayojulikana hadharani hayasemi hivyo. Kuna kifungu cha leseni cha NVIDIA ambacho hakijatumika mahakamani dhidi ya mradi huu, kuna kampuni mbili kubwa zilizoipima kazi hii na kuiacha, na aliyeagiza mlango ufungwe ni mshindani wa NVIDIA. Mteja wa kadi za grafiki hafungwi kwenye chapa moja kwa hukumu ya korti. Anafungwa na mambo ya aina hii, yanayofanyika ofisini kimyakimya, na kisa cha ZLUDA kinayaonyesha yote kwa pamoja.

Namna CUDA ilivyoenea

Kadi ya grafiki ilitengenezwa ili ichore picha kwenye skrini, na kwa ajili hiyo imejaa vikokotoo vidogo vidogo vinavyofanya hesabu ya aina moja kwa wakati mmoja juu ya data tofauti. Wanasayansi waliona mapema kwamba hesabu zao nyingi ni za namna hiyohiyo. Mmoja wao, Ian Buck, alikuwa Stanford akitengeneza Brook, lugha ya kuiagiza kadi ya grafiki ifanye hesabu zisizo za picha. NVIDIA ilimwajiri mwaka 2004. Novemba 2006 ikatangaza CUDA pamoja na kadi ya GeForce 8800, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2007.

Uamuzi uliobadilisha kila kitu ulikuwa kuiweka CUDA ndani ya kila kadi iliyofuata, hata ile anayonunua kijana kwa ajili ya gemu. Mwanafunzi hakuhitaji bajeti ya maabara. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walifundisha mtandao wa AlexNet, uliofungua enzi hii ya akili mnemba, kwa kadi mbili za GTX 580 zenye kumbukumbu ya GB 3 kila moja. Zilikuwa kadi za gemu za dukani. Mwaka 2014 NVIDIA ikatoa cuDNN, maktaba ya hesabu za mitandao ya aina hiyo, na watengenezaji wa programu wakajenga kazi zao juu yake bila kujiuliza sana.

NVIDIA inastahili sifa yake hapa. Kwa miaka mingi iligharamia zana ambazo hazikuwa na soko la maana, ikaandika nyaraka, ikafundisha vyuo. Washindani walikuwa na nafasi ileile. OpenCL, lugha ya pamoja iliyoanzishwa na Apple na kusimamiwa na Khronos, muungano wa kampuni za teknolojia, ilitoka Desemba 2008, na hakuna aliyeihudumia kwa bidii ya namna hiyo. Mwisho wake mmoja unaonekana kwenye Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D: toleo la 3.0 la Desemba 2021 liliiacha OpenCL kabisa katika Cycles, sehemu yake inayokamilisha picha.

Matokeo yake ni kwamba kadi haichaguliwi tena na mnunuzi, inachaguliwa na programu anayotaka kuitumia. Hili limezama hadi kwenye majina. Chukua kompyuta yenye kadi ya AMD, weka PyTorch, zana ya kutengenezea akili mnemba, iliyotengenezwa kwa ajili ya ROCm, yaani mfumo wa AMD wenyewe, kisha uliza kama kadi inaonekana. Bado utaandika torch.cuda.is_available(), na kadi yako ya AMD itaitwa “cuda”. PyTorch ilifanya hivyo kwa sababu nzuri, ili programu zilizokwisha kuandikwa zifanye kazi bila kubadilishwa. Lakini tazama hali ilivyofikia: mshindani anaingia sokoni kwa jina la bidhaa ya mwenzake.

Mkalimani

Ili kuelewa ZLUDA ilichofanya, inabidi tuifungue programu ya CUDA na kuitazama ndani.

Mwandishi wa programu huandika kwa C++ yenye nyongeza chache. Kompaila ya NVIDIA, yaani zana ya kugeuza msimbo kuwa amri za mashine, iitwayo nvcc, hugeuza sehemu zinazokusudiwa kwenda kwenye kadi kuwa vitu viwili. Kimoja ni amri za chipu mahususi, ambazo chipu ya kizazi kingine haizielewi. Cha pili ni PTX, lugha ya kati iliyo wazi zaidi, ambayo NVIDIA yenyewe imechapisha maelezo yake kamili. PTX hufungashwa ndani ya programu ili siku ukinunua kadi mpya ambayo haikuwepo programu ilipotengenezwa, kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, kiisome na kuigeuza papo hapo kuwa amri za chipu hiyo mpya. Ndiyo maana programu ya miaka kadhaa iliyopita huendelea kufanya kazi kwenye kadi ya leo.

Janik aliingilia hapo. ZLUDA hujifanya kiendeshi cha NVIDIA. Kwenye Windows hukaa mahali pa faili la nvcuda.dll, kwenye Linux mahali pa libcuda.so. Programu inaita kazi zilezile kwa majina yaleyale, ZLUDA inazipokea, inaichukua PTX, inaipitisha kwenye LLVM, zana huria ya kujengea kompaila, na kutoa amri za kadi ya mtengenezaji mwingine. Ni mkalimani aliyeketi katikati ya watu wawili: programu haijui kwamba anayejibu si NVIDIA.

Kazi hiyo si ya kubadilisha maneno tu. Kadi za NVIDIA huendesha nyuzi za hesabu kwa mafungu ya 32. Kadi za AMD za vituo vya data hutumia mafungu ya 64, na zile za gemu za familia ya RDNA huweza 32 au 64. Programu nyingi za CUDA zimeandikwa zikichukulia kwamba fungu ni 32 na litabaki 32. Ukitafsiri bila kuliangalia hilo, programu haitakataa kuwaka. Itawaka na kutoa majibu yasiyo sahihi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kisha kuna maktaba. Programu kubwa haiandiki hesabu zake zote yenyewe, huita maktaba za hesabu zilizokwisha kuandikwa na NVIDIA, kama cuBLAS, cuFFT, cuDNN na nyinginezo, ambazo msimbo wake haujatolewa na leseni zake zimefungwa kwenye kadi za NVIDIA. ZLUDA ililazimika kuielekeza miito hiyo kwenye maktaba za AMD, moja baada ya nyingine, na pale ambapo AMD haikuwa na kitu kinacholingana pakabaki pengo. Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa wa kuihama CUDA uko kwenye maktaba hizi kuliko kwenye lugha yenyewe. Lugha ina kurasa zinazohesabika. Maktaba ni kazi ya miaka ya wahandisi waliokuwa wakipunguza sekunde hapa na pale.

Pamoja na hayo ilifanya kazi. Msimbo ulipotoka Februari 2024, orodha ya programu zilizojaribiwa ilikuwa na programu za picha na za sayansi: Blender, 3DF Zephyr, RealityCapture, LAMMPS, NAMD na OpenFOAM, pamoja na Arnold kwa kiwango cha kuonyesha tu kwamba inawezekana. Tovuti ya Phoronix iliijaribu na kukuta kwamba Blender ikipitia njia yake ya CUDA juu ya ZLUDA, kwenye kadi ya AMD, ilikuwa na kasi kuliko njia rasmi ya AMD katika majaribio kadhaa. Hebu fikiria maana yake kwa mtu aliyenunua kadi ya AMD. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi ya mshindani, ikapita kwa mkalimani, ikaishinda ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kadi yake.

Waajiri wawili, jibu moja

ZLUDA haikuanzia AMD. Janik alikuwa akifanya kazi Intel alipotoa toleo la kwanza, Novemba 2020, likilenga kadi za Intel. Mwaka 2021 Intel iliipima rasmi na kuona haina maslahi ya kibiashara katika kuendesha programu za CUDA kwenye kadi zake. Muda mfupi baadaye akawasiliana na AMD, na mwanzoni mwa 2022 akaondoka Intel na kuandikiana mkataba na AMD. Akafanya kazi miaka miwili bila umma kujua. Mwishoni AMD ikafikia uamuzi uleule wa Intel.

Kwa maelezo yake, mkataba ulikuwa na sharti moja muhimu: AMD ikiona kazi haifai kuendelezwa, yeye anaruhusiwa kuichapisha. Ndivyo alivyofanya Februari 2024, chini ya leseni huria, akieleza historia yote hadharani. Miezi sita baadaye ikaja amri ya kuiondoa.

AMD haikutoa maelezo marefu kwa umma, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni tafsiri yangu. Naona sababu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni ya biashara na naiheshimu. Kampuni inayouza uwezo wa kuendesha CUDA imekubali kwamba mshindani ndiye atakayepanga lugha. Kila NVIDIA inapotoa toleo jipya, wewe unaanza kukimbiza. AMD ilikuwa na njia yake, HIP, iliyotangazwa Novemba 2015, inayomtaka mwandishi wa programu abadilishe msimbo wake: amri ya cudaMalloc inakuwa hipMalloc, na kuendelea, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na zana. HIP humpa AMD lugha anayoitawala mwenyewe. Upungufu wake ni kwamba inamfaa tu mwenye msimbo. Mteja aliyenunua programu iliyofungwa hana cha kubadilisha, na mteja huyo ndiye ambaye ZLUDA ilimlenga.

Sababu ya pili ni leseni.

Kifungu chenyewe

Tangu 2021 masharti ya CUDA yaliyowekwa mtandaoni yamekuwa na katazo ambalo wengi hawakuliona hadi Machi 2024, walipogundua kwamba limo pia ndani ya mafaili yanayosakinishwa na CUDA kuanzia toleo la 11.6. Kwa Kiswahili linasema hivi: hairuhusiwi kufumua au kuchambua kinyumenyume sehemu yoyote ya matokeo yaliyotengenezwa kwa zana hizi kwa nia ya kuyatafsiri yafanye kazi kwenye mfumo usio wa NVIDIA.

Lisome tena polepole. Kinachokatazwa kufumuliwa si CUDA. Hilo ni sharti la kawaida na leseni nyingi za biashara zinalo. Kinachotajwa ni matokeo. Matokeo ya kompaila ni programu yako wewe: hesabu zako za hali ya hewa, au za protini, au za mikopo, zikiwa zimegeuzwa kuwa PTX. Umezibuni wewe, umeziandika wewe, hakimiliki ya msimbo ni yako, na bado aliyekuuzia nyundo anakuambia ni ukuta gani nyumba yako isiegemee. Kwangu hapa ndipo NVIDIA ilipovuka mpaka. Kulinda zana zako ni haki yako. Kudhibiti mahali ambapo kazi ya mteja itakwenda baada ya kutoka mikononi mwako ni jambo jingine, na mwenye programu ana kila sababu ya kulikataa.

Mipaka ya kifungu hicho nayo ieleweke, maana taarifa nyingi za Machi 2024 zilikivimbisha. Mkataba humfunga aliyeukubali. Mtu aliyepokea programu iliyokwisha kutengenezwa na hajawahi kuweka zana za CUDA kwenye kompyuta yake yuko katika hali tofauti na kampuni iliyobonyeza kukubali. Katazo pia linahusu kinachotoka kwenye zana za NVIDIA. Ukiwa na msimbo wa awali na ukautengeneza kwa kompaila nyingine, hujagusa matokeo ya nvcc hata kidogo. Hiyo ndiyo njia ya HIP, na ndiyo njia ya SCALE, kompaila iliyotolewa Julai 2024 na Spectral Compute ya London, inayosoma msimbo wa CUDA moja kwa moja na kutoa programu ya kadi za AMD. Kwa hiyo CUDA kama lugha haijafungwa na sharti hili. Kilichofungwa, au kilichotishiwa kufungwa, ni njia ya mkalimani, ile inayomsaidia asiye na msimbo.

Korti ingesemaje?

Kuhusu majina ya amri, ZLUDA ilikuwa na msingi mzuri. Tarehe 5 Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya wawili, ilisema Google haikuvunja hakimiliki iliponakili takriban mistari 11,500 ya matamko ya amri za lugha ya Java kutoka Oracle, kwa kuwa yalikuwa matumizi ya haki. Kuandika upya cudaMalloc kwa msimbo wako mwenyewe kunafanana sana na jambo hilo. Ulaya ilikuwa imetangulia: Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la SAS Institute na World Programming, iliamua kwamba utendaji wa programu na lugha yake ya kuandikia havilindwi na hakimiliki ya programu hiyo.

Ugumu uko kwenye mkataba, maana hakimiliki ikikuruhusu, mkataba unaweza kukuzuia. Marekani iliwahi kulipa uzito hilo mwaka 2003 katika shauri la Bowers dhidi ya Baystate, ambapo katazo la kufumua programu lililoandikwa kwenye leseni ya ndani ya kifurushi lilisimama. Ulaya mambo ni kinyume. Maelekezo ya 2009/24/EC yanaruhusu kufumua programu pale inapolazimu ili programu nyingine iweze kushirikiana nayo, na yanasema wazi kwamba sharti la mkataba linalopinga ruhusa hiyo ni batili. Je, kutafsiri PTX kila programu inapowashwa kwenye kompyuta ya mteja kunaingia ndani ya ruhusa hiyo? Nadhani mtetezi hodari angeweza kushinda, hasa kwa kuwa PTX imeelezwa hadharani na mwenyewe. Lakini “nadhani” haitoshi kwa mkuu wa idara ya sheria wa kampuni inayouza kadi kwa mabilioni ya dola.

Na hapo ndipo kifungu kinapofanya kazi yake. Hakihitaji kushinda kesi. Kinahitaji tu kuwepo, ili kila mkutano wa kampuni pinzani uwe na mtu mmoja anayeuliza: na wakitushtaki? Intel na AMD zina fedha na mawakili wa kulipeleka swali hili mahakamani na kulimaliza. Zote mbili ziliweka kazi hii mkononi, zikaipima, zikaiweka chini. NVIDIA imeshika mpini, wenzake wameshika makali, na katika kisa hiki NVIDIA haikulazimika hata kuvuta.

Si mara ya kwanza kwa kampuni hiyo kutumia programu na leseni kuamua kadi iliyokwisha kulipiwa itumike vipi. Mwaka 2009 viendeshi vyake vilianza kuzima PhysX, mfumo wake wa kuiga mwendo wa vitu kwenye gemu, pale kompyuta ilipokuwa na kadi ya chapa nyingine inayochora picha, hata kama kadi ya NVIDIA ilikuwemo na mwenye nayo aliinunua kwa kazi hiyo. Desemba 2017 leseni ya viendeshi vya GeForce, kadi zake za gemu, ilipiga marufuku kuvitumia kwenye vituo vya data, isipokuwa kwa kazi za blokcheni. Kadi ilikuwa na uwezo, mtu aliilipia, lakini bila kiendeshi ni kipande cha chuma, na kiendeshi kina masharti. Februari 2021 RTX 3060 ilitoka ikiwa imepunguzwa kasi ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum kwa nusu. Mwezi uliofuata NVIDIA yenyewe ikatoa kwa bahati mbaya kiendeshi cha majaribio kilichoondoa kizuizi hicho, na kila mtu akaona kwamba chipu haikuwa na kasoro yoyote.

Wadhibiti wameanza kuliona. Tarehe 28 Juni 2024 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa, katika maoni yake kuhusu akili mnemba, ilitaja utegemezi wa sekta nzima kwenye CUDA kuwa miongoni mwa hatari za ushindani. Ni hatua, ingawa maoni hayamfungui mteja yeyote.

Baada ya Agosti

Oktoba 2024 Janik alitangaza kwamba amepata mfadhili mpya, ambaye hakumtaja, na kwamba ZLUDA itajengwa upya kutokea kwenye msimbo wa kabla ya AMD. Miaka miwili ya kazi ikawekwa kando. Lengo nalo lilibadilika: likawa kazi za akili mnemba, kwenye kadi za watengenezaji zaidi ya mmoja, na sehemu za gemu zikaachwa.

Msimbo uliokatazwa haukutoweka duniani, kwani ulikuwa umeshapakuliwa na watu wengi, na wanaoendesha Stable Diffusion, mfumo wa kuchora picha kwa akili mnemba, kwa kadi za AMD kwenye Windows waliendelea na tawi lililotokana nao. Nisingewashauri wajenge biashara juu yake. Leseni huria ina nguvu pale tu aliyeitoa alipokuwa na haki ya kuitoa. Ikiwa AMD ndiyo mmiliki na ridhaa yake haikuwa halali, basi waliopakua walipokea kitu kutoka kwa mtu asiyekuwa na mamlaka ya kukigawa, na nia yao njema haiwabadilishii hilo.

Wenye uwezo wamepita njia nyingine, yenye gharama kubwa. Marekani ilitaka kompyuta yake ya Frontier, iliyoko Oak Ridge, itumie kadi za AMD, na ikaandaa programu zake kupitia mradi wa kitaifa wa miaka saba uliogharimu dola bilioni 1.8, uliolipia pia mambo mengine mengi ya programu za kompyuta za aina hiyo. Frontier ilizinduliwa mwaka 2022 na inafanya kazi vizuri. Inathibitisha kwamba kuihama CUDA kunawezekana kiufundi, kwa serikali yenye hazina ya namna hiyo na msimbo wake wote mkononi.

Kwetu swali hili linakaribia. Machi 2025 Cassava Technologies ilitangaza mpango wa kuweka kadi za NVIDIA kwa ajili ya akili mnemba Afrika Kusini, kisha Misri, Kenya, Morocco na Nigeria. Nafurahia uwezo huo kuja karibu. Mtafiti wa Nairobi anayefundisha mashine kutambua matamshi ya Kiswahili hapaswi kungoja zamu ya bure kwenye seva ya ng'ambo inayomkatia katikati ya kazi. Ila aandike kazi yake kwa kiwango cha PyTorch, na akilazimika kuandika hesabu za kadi mwenyewe atumie HIP au Triton, lugha isiyofungwa kwenye kadi za NVIDIA pekee, inapowezekana, na vipande vichache vya CUDA visivyoepukika avitenge kwenye mafaili yao. Na msimbo wa awali usipotee. Taasisi inayoagiza programu kwa fedha za umma na kukabidhiwa faili lililokwisha kutengenezwa tu, bila msimbo, imejiweka mahali palepale pa mteja ambaye ZLUDA ilikuwa tumaini lake.

Na wahandisi wetu wanaofanya kazi za mkataba kwa kampuni za nje, ambao ni wengi sasa, watazame vizuri ile barua pepe ya AMD. Sharti la mkataba lilikuwepo, ridhaa ya maandishi ilikuwepo, na bado kazi ya miaka miwili iliondolewa kwa sababu ya swali la nani ana mamlaka ya kuridhia. Ukiahidiwa haki ya kuchapisha, dai waraka uliotiwa saini na mtu mwenye mamlaka ya kuifunga kampuni, utaje mafaili yenyewe na leseni kwa jina lake, na uupate kabla hujakabidhi awamu ya mwisho, wakati bado wanakuhitaji.